Kumtaja mtunzi si kumwomba ruhusa

Kila ninapohariri diwani ya mashairi ya shule, kuchagua mashairi hunichukua wiki mbili. Kuwatafuta wenyewe ili niwaombe ruhusa hunila miezi. Walimu ninaoshirikiana nao huniuliza kwa nini najisumbua hivyo, na sababu wanazonipa za kutoomba ruhusa karibu zote ni mambo tuliyoyaamini siku nyingi, na si kweli.

"Haikusajiliwa popote, kwa hiyo haina hakimiliki."

Hakimiliki huzaliwa pale kazi inapoandikwa, inapochorwa au inaporekodiwa. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, makubaliano ya kimataifa kuhusu hakimiliki, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994, hauruhusu usajili uwe sharti la ulinzi. Cheti cha COSOTA au cha KECOBO, taasisi za hakimiliki za Tanzania na Kenya, kinasaidia sana mkifikishana mahakamani, lakini asiye na cheti hajapoteza haki yake. Picha uliyoikuta kwenye mtandao bila jina wala alama ya © nayo ina mwenyewe.

"Nimemtaja mtunzi, inatosha."

Hii huniuma kuliko zote, maana wanaoisema ni watu wenye nia njema. Sheria inampa mtunzi haki za aina mbili. Moja ni ya kimaadili: kazi itambulike kuwa ni yake na isiharibiwe. Nyingine ni ya kiuchumi: yeye ndiye aamue nani anakili, nani anauza, kwa malipo gani. Ukiandika jina lake chini ya shairi umetimiza ile ya kwanza tu. Kama kitabu kinauzwa na yeye hakuulizwa, bado umemchukulia chake.

"Sekunde thelathini, au ukurasa mmoja, ni halali."

Hakuna kipimo kama hicho. Wengi wamelisikia neno "matumizi ya haki" kutoka Marekani, na huko kwenyewe kifungu cha 107 cha sheria ya mwaka 1976 hakitaji sekunde wala kurasa. Jaji hupima mambo manne: unatumia kwa lengo gani, kazi yenyewe ni ya namna gani, umechukua kiasi gani na sehemu ipi, na soko la mwenye kazi litaathirika vipi. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua dhidi ya jarida la The Nation, lililochapa maneno kama 300 tu kutoka kwenye kumbukumbu za Rais mstaafu Gerald Ford kabla kitabu hakijatoka. Maneno yalikuwa machache, lakini yalikuwa kiini cha kitabu.

Na sheria ile si yetu. Kenya na Tanzania zinataja mambo yanayoruhusiwa, kama vile matumizi binafsi, habari za matukio, na nukuu yenye kutaja chanzo. Mhakiki akinukuu beti mbili ili azichambue, hana kosa. Mfanyabiashara akizichapa kwenye fulana, ruhusa anaihitaji.

"Mtunzi alishafariki, kazi ni ya wote."

Kwa sheria za Tanzania na Kenya, haki katika maandishi huendelea miaka 50 baada ya kifo, mpaka mwisho wa mwaka. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, hivyo kwa Tanzania muda wake uliisha mwishoni mwa 2012. Utendi wa Mwana Kupona, wa karne ya 19, hauna wa kumwomba ruhusa. Ila tafsiri na maelezo ya mhariri wa karne ya 20 yana hesabu yao wenyewe. Beti nakili, maelezo yaache mpaka umeyachunguza.

"Jina la kwenye jalada ndilo la mmiliki."

Mara nyingine, ndiyo. Fungua kitabu, pita ukurasa wa jina, soma yale maandishi madogo ya nyuma yake. Jina linalofuata alama ya © laweza kuwa la mtunzi au la mchapishaji. Angalia pia mwaka na idadi ya chapa. Ukikuta East African Literature Bureau, barua yako haitafika kwa anwani ile: shirika hilo lilianzishwa mwaka 1948, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kazi zake nchini Kenya zikaishia kwa Kenya Literature Bureau. Kwa picha, nchini Kenya, kazi ya kuagizwa huhesabiwa kuwa haki zake zimehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mkataba wao useme vingine. Kwa hiyo usimuulize mpigapicha peke yake.

Mwaka juzi nilimtafuta mwenye shairi la beti sita. Mchapishaji akajibu kwamba mkataba ulikwisha na haki zilirudi kwa mtunzi, naye alishatangulia mbele ya haki. Mwanawe mkubwa akaniambia kwenye simu, "Chukua tu mwanangu, mzee angefurahi." Nilimshukuru, kisha nikamwomba jina la msimamizi wa mirathi, maana walikuwa ndugu watano. Barua yenye saini ilifika baada ya miezi minne, ikiwa imekunjwa ndani ya nakala ya hati ya mahakama. Ndipo nikalipanga shairi kwenye kitabu.