Gesi ya Friza Haiishi, Inavuja: Maelezo kwa Wenye Biashara za Chakula

Malalamiko yanayotufikia sisi wakaguzi wa usalama wa chakula siku hizi yanafanana. Mkaguzi alifika, akapima nyama au samaki waliokuwa kwenye friza, akaweka lakiri (muhuri wa kuzuia usifunguliwe) mlangoni, na baadaye mzigo ukaamriwa uteketezwe ilhali friza ilikuwa inafanya kazi. Uchungu wa hasara hiyo tunaujua, na hakuna mkaguzi anayefurahia kuona chakula kikifukiwa. Lakini friza kunguruma na taa yake kuwaka si ushahidi kwamba ndani kuna baridi ya kutosha.

Tunachopima ni joto la chakula chenyewe. Chakula kilichogandishwa kinatakiwa kikae kwenye nyuzi joto hasi 18 za Selsiasi au baridi zaidi ya hapo. Namba mnayoiona kwenye kioo kidogo cha friza ni joto la hewa pale ilipofungwa sensa, basi. Inaweza kusoma hasi 18 huku pakiti zilizolundikwa juu ya mstari wa kikomo cha kupakia zikiwa zimeanza kulegea. Ndiyo maana mkaguzi hubana kipimajoto katikati ya pakiti mbili, na akipata shaka hutoboa chakula kwa sindano iliyosafishwa na kupima kiini chake. Kabla ya hapo kipimajoto hicho hujaribiwa kwenye maji yaliyojaa barafu iliyopondwa, ambako lazima kisome 0. Nanyi fanyeni vivyo hivyo kwa vipimajoto vyenu.

Wapo wanaotuambia kwamba chakula kikilegea kidogo si neno, kitapikwa tu. Kugandisha hakuui bakteria wengi, kunawasimamisha, na joto likipanda wanaendelea pale walipoishia. Kwa samaki kama jodari na vibua jambo ni zito zaidi. Wakikaa kwenye joto hujenga histamini, na histamini haiondoki kwa kupikwa wala kwa kugandishwa upya. Mlaji huwaka uso, huumwa kichwa na kutoka vipele, wakati samaki aliyeliwa hakuwa na harufu yoyote mbaya.

Sasa niingie kwenye neno linalotuchosha kuliko yote: “gesi imeisha.” Gesi ya friza haitumiki ikaisha kama mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, kutoka kompresa (pampu inayoisukuma) hadi kondensa (mabomba yanayotoa joto nje), ikaingia kwenye evaporeta (mabomba yanayopoza ndani) na kurudi, na mfumo usiovuja hukaa miaka mingi bila kuongezwa hata gramu moja. Ikiwa imepungua, imetoka mahali. Kuijaza bila kuziba mahali hapo ni kujaza upepo kwenye tairi lenye pancha. Mfanyabiashara anayeonyesha risiti tatu za kujaza gesi kwenye friza ileile ndani ya mwaka mmoja anadhani ametuthibitishia kwamba anaitunza. Ametuthibitishia kwamba haijawahi kutengenezwa.

Matengenezo kamili tunayotaka kuyaona kwenye ripoti ya fundi yana mpangilio wake. Gesi iliyobaki inakusanywa kwenye mtungi wake, haiachiwi hewani. Uvujaji unatafutwa kwa kuingiza naitrojeni kavu na kupaka povu la sabuni kwenye maungio. Oksijeni haitumiki kamwe kupimia mgandamizo, kwa sababu ikikutana na oili ya kompresa hulipuka, na mafundi wamekufa kwa kosa hilo. Sehemu iliyotoboka inachomelewa huku naitrojeni ikipita taratibu ndani ya bomba ili masizi yasijenge, kisha draya, yaani kichujio kinachonyonya unyevu, inabadilishwa. Baada ya hapo hewa na unyevu vinavutwa kwa pampu ya vakyumu hadi mikroni 500 (kipimo cha hewa kidogo iliyobaki ndani) au chini ya hapo, na mfumo unaachwa kidogo kuona kama kipimo kinapanda. Mwisho gesi inaingizwa kwa mizani, kwa uzito ulioandikwa kwenye kibati cha friza. Kujaza kwa kushika bomba na kukisia ubaridi wake hatukubali, hata fundi awe mzoefu namna gani.

Na gesi si moja. R-22 inaondolewa duniani chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni. R-404A, iliyojaa kwenye friza nyingi za biashara, haigusi ozoni, lakini kilo moja yake ikivuja inapasha dunia joto sawa na karibu kilo 3,900 za kaboni dayoksaidi. Ndiyo sababu Marekebisho ya Kigali ya 2016 yaliingiza jamii hiyo ya gesi kwenye orodha ya kupunguzwa. Friza mpya nyingi zinatumia R-290, ambayo ni propani. Inapoza vizuri na athari yake kwa tabianchi ni ndogo sana, ila inawaka moto. Friza yake ina alama ya moto karibu na kompresa, na fundi anayeigusa lazima awe amefunzwa gesi zinazowaka. Kuingiza R-290 kwenye friza iliyotengenezwa kwa gesi nyingine, eti kwa kuwa ni rahisi kupatikana, ni kuweka swichi na rilei zinazotoa cheche karibu na gesi ya kulipuka. Tukikuta hivyo tunazima umeme papo hapo, na hatujadiliani.

Sehemu kubwa ya haya yangezuilika kwa brashi. Kondensa ikiziba vumbi na mafuta ya jikoni, joto halipati pa kutokea, mgandamizo unapanda, kompresa inafanya kazi bila kupumzika mpaka inaungua. Zimeni umeme, ondoeni kava, piga brashi laini kufuata mapezi (vibati vyembamba vya kondensa) yalivyolala. Palipo na kukaanga, kila mwezi; kwingine, angalau kila baada ya miezi mitatu. Raba ya mlango ijaribuni kwa kipande cha karatasi: fungeni mlango juu yake, na ikichomoka bila kukaza, raba hiyo inaingiza hewa yenye unyevu inayogeuka barafu kwenye evaporeta. Barafu hiyo isichongwe kwa kisu. Mabomba mengi yaliyotobolewa yametobolewa na wenye friza wenyewe. Kama barafu inarudi haraka wakati raba ni nzima, fundi akague hita ya kuyeyushia, taima yake na mfereji wa maji.

Umeme nao unaua kompresa. Ukikatika na kurudi mara moja, kompresa hulazimika kuwaka wakati mgandamizo wa pande mbili bado haujasawazika. Fungeni kifaa cha kulinda volteji chenye kuchelewesha kuwaka kwa dakika 3 hadi 5. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, msifungue mlango kuchungulia. Friza iliyojaa huweza kushikilia baridi kwa takriban saa 48, iliyojaa nusu saa 24, ikiwa mlango haukuguswa. Chakula ambacho bado kina chembe za barafu ndani, au hakijavuka nyuzi 4, kinaweza kugandishwa tena ingawa ubora utashuka. Kilichovuka hapo kwa zaidi ya saa 2 kitupwe.

Kuhusu hatua tunazochukua, nieleze kwa mpangilio kwa kuwa wengi wanadhani mkaguzi hufungia biashara kwa hasira zake. Kwanza joto linapimwa zaidi ya mara moja na kuandikwa mbele ya mhusika, ambaye anasaini na kupewa nakala. Ikiwa chakula bado kiko salama lakini friza ina hitilafu, mnapewa notisi ya kurekebisha yenye tarehe ya mwisho, na chakula kinahamishiwa kwenye friza nyingine nzima. Ikiwa chakula kina shaka, kinazuiwa kwa lakiri hadi uamuzi utolewe. Kukata lakiri hiyo na kuuza ni kosa la pekee, tofauti na la kwanza, na huko ndiko watu wengi wanakojiingiza mahakamani kwa jambo ambalo lingeisha kwa notisi. Kuteketeza hufanyika kwa amri ya maandishi, na mna haki ya kupinga amri hiyo kwa maandishi kabla haijatekelezwa.

Jambo linalowasaidia zaidi wakati huo ni daftari la joto. Lijazwe asubuhi na jioni kwa kipimajoto cha ndani ya friza, na lisiandikwe siku moja kabla ya ukaguzi kwa kalamu moja na mwandiko mmoja. Tunaliona hilo kabla hata ya kufungua mlango wa friza. Palipo na joto lililopanda, andikeni lilivyopanda, mkaongeza saa mliyomwita fundi na mahali mlipohamishia chakula. Rekodi yenye kasoro iliyoshughulikiwa inampa mkaguzi sababu ya kutoa notisi badala ya kuweka lakiri. Ripoti ya fundi ibanwe humo humo, ikiwa na aina ya gesi, uzito ulioingizwa na mahali uvujaji ulipozibwa.