Kabla ya kununua kontena, pima chumba

Wanaokuja ofisini kwetu kuulizia nyumba za moduli, yaani za kuunganishwa kwa vipande vya kipimo kimoja, huja na picha kwenye simu: makontena mawili matatu yamepandishwa moja juu ya jingine, kioo kwa mbele, bustani juu ya paa. Swali lao ni bei. Sisi huwauliza kwanza kama wana kitanda cha sita kwa sita.

Kontena la mizigo lina upana wa mita 2.44 kwa nje na takriban 2.35 kwa ndani. Bati lake likipigwa na jua la Februari la Dar es Salaam halikaliki bila kuwekewa kizuia joto, na kizuia joto pamoja na ubao wake hula nafasi. Ukibakiwa na mita 2.2 umefanya vizuri. Kitanda cha futi sita kina mita 1.83. Kinachobaki hakifiki sentimita 40, na hapo ndipo mtapita ninyi, watoto na beseni la nguo. Isitoshe, mzigo wa kontena la juu hushuka kwenye nguzo nne za pembeni, na kuta zenye mikunjo ndizo zinazosaidia boksi lisipinde. Ukikata ukuta mrefu ili upate dirisha na mlango, lazima urudishie nguvu kwa fremu ya chuma. Ule urahisi unaosifiwa mara nyingi huishia kwa fundi wa kuchomelea.

Sisemi kontena halifai kabisa. Kwa duka au ofisi ya saiti linafaa sana. Ila moduli si boksi. Moduli ni kipimo kimoja ambacho vitu vyote vya jengo vinakubali kukifuata, na kwetu pwani jambo hilo si geni. Ukiingia nyumba za zamani za Mji Mkongwe au Lamu utaona vyumba virefu na vyembamba, upana wake mita mbili na nusu hadi tatu hivi. Aliyepanga upana huo ni mti wa mkoko, maana dari ilibebwa na boriti, na boriti ina mwisho wake. Wafanyabiashara wa miti waliitenga kwa unene, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, na kila daraja likawa na kazi yake. Hicho ni kiwango cha ujenzi kilichofanya kazi bila karatasi hata moja.

Leo boriti yetu ni nini? Ni tofali, kigae na jipsamu. Chukua tofali la kufungamana, lile linalofyatuliwa kwa mashine ya mkono kwa udongo na saruji kidogo, ambalo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi (NHBRA) umelihimiza kwa miaka mingi. Lina urefu wa sentimita 30, upana 15 na kimo 10. Halichomwi, kwa hiyo hakuna kuni, na linajifunga lenyewe kwa lenyewe, kwa hiyo udongo wa kuunganishia ni kidogo. Sasa chora chumba chenye mita 3.6 kwa ndani. Ni matofali 12 kamili. Ongeza unene wa kuta mbili, nje inakuwa 3.9, yaani matofali 13 kamili. Vigae vya sentimita 60 vinaingia sita, cha mwisho pengine utakipunguza kwa upana wa kidole. Jipsamu yenye upana wa mita 1.2 inaingia mara tatu.

Chora 3.4, kisha uone. Niliwahi kusimama kwenye saiti moja Mbagala, fundi ameshika panga na tofali lingine ameliegemeza mguuni. "Injinia, hapa lazima nikate, chumba hakipokei tofali zima." Kila kozi, yaani kila mstari wa matofali, alikuwa akikata. Nyuma ya nyumba rundo la vipande lilinifika kiunoni, na vipande vyote vile mwenye nyumba alikuwa ameshavilipia, pamoja na saruji iliyomo na lori lililovileta.

Mkoa wa Dar es Salaam ulihesabiwa watu 5,383,728 kwenye sensa ya 2022, na wengi wao wanaishi chumba kwa chumba. Nyumba ya Kiswahili, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, choo na jiko uani, ni moduli tayari: unajenga chumba kimoja, unahamia, unapangisha cha pili, unajenga cha tatu. Inakwama inapotakiwa kupanda juu. Kila mpangaji anataka chumba masta, vyoo vinatawanyika, mabomba yanapita ukutani yanakotaka, na siku moja bomba likiziba hakuna ajuaye ni la nani.

Hapa mfano ninaoupenda ni wa Iquique, nchini Chile. Mwaka 2004 msanifu majengo Alejandro Aravena na wenzake walijenga makazi ya Quinta Monroy kwa ruzuku ya dola 7,500 kwa familia, bei ya kiwanja ikiwa humo humo. Nyumba nzima haikuwezekana kwa fedha hiyo. Wakajenga nusu ile ngumu, yaani msingi, ngazi, jiko, choo na ukuta kati ya jirani na jirani, wakaacha pengo lenye upana uliopimwa ili familia ijaze yenyewe. Watu walijaza. Somo kwa Manzese ni jiko na choo kukaa mgongo kwa mgongo, ghorofa juu ya ghorofa, na bomba moja la kusimama lenye mlango wa kumwingiza fundi.

Kwa upande mwingine kuna jengo la Nakagin, Tokyo, la mwaka 1972. Vyumba 140 vya kiwandani vilifungwa kwa bolti kwenye minara miwili ya zege, kila kimoja kikitarajiwa kuchomolewa na kubadilishwa baada ya miaka 25 hivi. Hakikubadilishwa hata kimoja. Kutoa cha chini ilibidi utoe vya juu yake, na wenye vyumba hawakuafikiana nani alipe. Lilibomolewa 2022. Hapa Tanzania nako, sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inaruhusu mtu kumiliki sehemu tu ya jengo. Basi kabla ya kununua sehemu hiyo, uliza nani ataikarabati pampu ya maji ya wote.

Kuhusu joto nitasema kidogo. Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, madirisha yawe pande mbili zinazotazamana ili kaskazi na kusi zipite, na nyumba za mjini zisimeze ua wote.

Kama uwezo wako leo ni chumba kimoja na choo, jenga hivyo, lakini msingi na nguzo za zege ziwe za ghorofa unazotaka mwishoni, kwa hesabu ya mhandisi na kibali cha halmashauri. Zile nondo zinazoachwa zimechomoza juu zikisubiri siku hiyo, zifunike kwa zege hafifu utakalolivunja baadaye. Hewa ya chumvi haisubiri mkopo wako utoke.