Sio jeuri: maswali ya wazazi wa Dodoma kuhusu usonji na majibu yetu

Wazazi wengi wanaotuletea mtoto kliniki, awe katoka Nkuhungu, Chamwino au Bahi huko, maelezo yao yanaanza na neno moja tu, jeuri. Mtoto ana miaka sita, kashachapwa nyumbani, kashachapwa shule, ndo analetwa. Haya hapa maswali yanayojirudia, naomba msome na mumtumie na yule bibi anayesema mtoto kachukua kiburi cha ukoo wa baba yake.

Usonji ni nini?

Ni ubongo kukua kwa namna tofauti, mtu anazaliwa nao. Unaonekana kwenye mawasiliano na kuelewana na watu, na kwenye kurudiarudia mambo yaleyale, mfano kupanga visoda mstari mmoja kutwa nzima au kulia sana ratiba ikibadilika. Dkt. Leo Kanner aliuandika Marekani mwaka 1943. Sio uchawi, sio mama kutompenda mtoto, na sio chanjo (ile ripoti ya 1998 iliyohusisha chanjo ya surua, jarida lililoichapisha lilikuja kuifuta lenyewe mwaka 2010). Tuendelee.

Wenzake wote wanamwamkia babu, yeye anapita tu. Hiyo si dharau?

Sio dharau. Mwaka 1985 kule London watafiti watatu, Simon Baron-Cohen, Alan Leslie na Uta Frith, waliwapa watoto kajaribio. Kuna wanasesere wawili, Sally na Anne. Sally anaweka gololi yake kwenye kikapu anatoka nje, huku nyuma Anne anaichukua anaificha kwenye boksi. Mtoto anaulizwa, Sally akirudi ataitafuta wapi? Jibu ni kwenye kikapu, maana hajui kama imehamishwa. Watoto wasio na shida, wa miaka minne hivi, wengi walipatia, na wenye sindromu ya Down (hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha akili) pia wengi walipatia, lakini kati ya watoto 20 wenye usonji 16 walionyesha pale gololi ilipo kweli. Na hao 20 kwenye vipimo vya akili walikuwa juu ya wenzao, kwahiyo msiniambie ni ujinga. Kinachowapa shida ni kukisia kilichomo kichwani mwa mtu mwingine. Sasa turudi kwa babu. Mtoto mwingine anajua babu kakaa pale anasubiri shikamoo yake na asipoipata ataumia. Huyu hilo halijamjia, na hakuna aliyemwambia kwa maneno, kaambiwa kwa fimbo, na fimbo haielezi kitu.

Namkataza kitu, ananiangalia alafu anarudia hapohapo. Na hiyo sio jeuri?

Sio jeuri, na kabla hatujaenda mbali, umemkatazaje? Kuna mama alinisimulia mwanae kachota kikombe kwenye ndoo ya maji ya kunywa kamwaga sakafuni, na maji yenyewe mnajua tunavyoyatafuta, mama akapandisha, "Rudia tena uone!" Mtoto akachota tena akamwaga, akasimama na kikombe mkononi anamtazama mama, anasubiri kuona. Alipigwa mpaka majirani wakaingia. Jamani, si kaambiwa arudie? Wewe na mimi tunajua kile ni kitisho kwasababu tunasikia ile sauti na tunaiona ile sura, yeye amechukua maneno kama yalivyo. Mwambie "usimwage maji, weka kikombe mezani", basi. Na yule unayemuuliza "utakula?" naye anakujibu "utakula", hakuigizi wala hakudhihaki, hiyo ni namna yake ya kuanza kuongea. Unampigia nini?

Kwahiyo hana huruma na watu?

Anayo. Anaweza asijue umekasirika mpaka umwambie, lakini akishajua, wengi wanaumia kama watu wengine. Alafu kutoelewana sio kosa la upande mmoja, Damian Milton, mtafiti wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, alilisema hili mwaka 2012, kwamba na sisi wengine tunashindwa kuwasoma wao. Mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake wakachapisha jaribio la kupitisha stori mtu kwa mtu, watu nane nane. Kundi la wenye usonji watupu liliifikisha vizuri sawa na kundi la wasio nao, ilipotea zaidi walipochanganywa. Sasa nyumbani hamuelewani nyie wawili, alafu anachapwa mmoja.

Mapema nitajuaje?

Macho peke yake yasikudanganye, huku kwetu mtoto anafundishwa asimkodolee mkubwa macho. Angalia kidole. Wa mwaka mmoja na nusu ndege ikipita juu ya paa kwenda kutua anainyooshea kidole alafu anakugeukia uone na wewe, anataka muione wote. Mwingine hanyooshi, akitaka kitu anakushika mkono anaupeleka mpaka kwenye kitasa, hata usoni hakutazami. Ongeza haya: mwaka mmoja hageuki akiitwa jina, miaka miwili hajaunganisha maneno mawili ya kwake, au alikuwa anaongea akaacha. Hilo la mwisho, njoo wiki hiihii.

Baba yake naye alichelewa kuongea, si tusubiri?

Msisubiri. Wapo wanaochelewa na wanakuja kuwa sawa ndio, ila ukiwa sebuleni kwako huwezi kujua wa kwako ni yupi. Dalili zinaweza kuchunguzwa kuanzia miezi 16, nyie mnasubiri darasa la kwanza! Na msimpeleke kukatwa kimeo wala ngozi ya chini ya ulimi eti aongee. Msisubiri.

Tunaanzia wapi?

Kituo cha afya kilicho karibu, omba rufaa ya hospitali ya mkoa, masikio yapimwe kwanza maana kuna ambao kumbe hawasikii. Ukiandikiwa Mirembe usikimbie, ile ni hospitali ya afya ya akili, sio jela ya vichaa kama mnavyotaniana kwenye daladala. Dawa ya kuondoa usonji hakuna, anayekuuzia anakuibia. Kazi kubwa inafanyika nyumbani na tunawafundisha wazazi, hata Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 mpaka 9: kaa chini alipo yeye, kitaje anachokitazama yeye sio unachotaka wewe, sentensi fupi, na kama leo mnapita njia nyingine mwambie kabla hamjatoka.

Mkija leteni kadi ya kliniki na yule anayeshinda naye, awe bibi au dada wa kazi. Mrekodi na simu akiwa anacheza mwenyewe, dakika mbili tatu, katikati mmuite jina bila kumuonyesha kitu chochote, maana akifika kwetu analia tu na hatuoni tunachotakiwa kukiona.