Uyoga unaochelewa kutapisha ndio wa kuogopa

Mvua zikishakolea Nachingwea, Liwale na Masasi, mafungu ya uyoga hujipanga kando ya barabara na swali huwa lile lile: wenye sumu unafananaje? Haufanani na kitu kimoja. Mimi nikiletewa mgonjwa nauliza mambo mawili tu kwanza: mmekula saa ngapi, na tumbo limeanza kuvuruga saa ngapi?

Tuseme familia imekula ugali na uyoga wa karanga saa mbili usiku. Wakianza kutapika saa nne usiku ule ule, mara nyingi ni sumu ya tumbo. Mkosaji mkubwa ni Chlorophyllum molybdites, uyoga mweupe, mpana, wenye magamba ya kahawia juu ya kofia, unaopenda nyasi na viwanja vya wazi. Unatapisha na kuharisha vibaya, lakini kwa mtu mzima hupita ndani ya siku moja au mbili. Kwa mtoto hatari ni kukaukiwa maji.

Wakilala salama, wakaamshwa saa kumi alfajiri au hata asubuhi ya jua kali wakiharisha maji matupu kama wenye kipindupindu, hapo nashtuka. Dalili zinazokuja saa 6 hadi 24 baada ya kula zinanielekeza kwenye amatoksini, sumu ya baadhi ya uyoga wa jamii ya Amanita. Huingia kwenye seli za ini na kuzuia kazi ya kunakili maelekezo ya kutengeneza protini. Seli haifi papo hapo, inamalizia akiba yake kwanza. Kwa hiyo siku ya pili kuharisha kunakatika, mgonjwa anaomba uji, ndugu wanashukuru Mungu na kumrudisha nyumbani. Siku ya tatu hadi ya tano macho yanageuka manjano, fizi zinatoka damu, anaanza kuongea ovyo. Kiasi cha kuua ni kama miligramu 0.1 kwa kila kilo ya mwili, yaani miligramu 6 kwa mtu wa kilo 60, na kofia moja kubwa ya Amanita phalloides wa Ulaya inaweza kuzidi hapo. Kuchemsha na kumwaga maji, kukaanga, kuanika juani: vyote haviiondoi.

Kuna mtego mmoja. Kikapu kikiwa na uyoga wa aina mbili, ule wa tumbo unaanza mapema na kuuficha ule wa ini. Kutapika mapema kunapunguza wasiwasi, hakuumalizi.

Sasa utambuzi. Amanita huishi kwa kushirikiana na mizizi ya miti kama miyombo na mitondoro, kwa hiyo utafute porini zaidi kuliko chini ya mikorosho. Usiung'oe kwa kuuvuta. Chimbua na kisu, kwa sababu alama kuu iko ardhini: kikombe au kifuko kinachoshika chini ya mguu. Ukiwa mchanga kabisa hufanana na yai. Lipasue katikati toka juu hadi chini na utaona mchoro wa kofia na mguu umejikunja ndani. Uyoga wa barabarani unauzwa ukiwa umeshakatwa mguu, na hapo ushahidi umebaki porini. Wapo kina mama wanaokula Amanita zambiana, wenye kikombe na mtamu, na hawakosei. Lakini wamefundishwa na bibi zao kwa miaka mingi. Anayeanza leo aache kila wenye kikombe.

Uyoga wa kichuguu, ule unaoliwa, una ncha ngumu katikati ya kofia, na mguu wake unaendelea chini kama mzizi hadi kwenye kiota cha mchwa. Ukiwa na shaka, kata kofia iliyokomaa, ilaze kwenye karatasi nyeupe, funika na bakuli, uiache usiku kucha. Vumbi la waridi likidondoka kwenye karatasi linaendana na wa kichuguu, la kijani ni Chlorophyllum, jeupe ni pamoja na Amanita. Hakuna rangi inayotoa ruhusa ya kula, inakataza tu. Habari za kupima sumu kwa kijiko cha fedha, kwa kitunguu kubadilika rangi, au kwa “konokono wameula”, ni za kupoteza watu.

Kuna pia uyoga wa wino, Coprinopsis atramentaria, ambao kofia yake huyeyuka ikawa maji meusi. Ukiula kisha ukanywa bia au uraka wa mabibo, hata siku 3 baadaye, uso unawaka na moyo unadunda. Lawama zote huiangukia pombe.

Uyoga wa kulevya ni habari nyingine. Wenye silosibini, kama Psilocybe cubensis, huota kwenye kinyesi cha ng'ombe, na tangu wafugaji walipohamishiwa Lindi kutoka bonde la Ihefu, Mbeya, mwaka 2006 na 2007, malisho yameongezeka huku. Ukiminywa, mguu wake hugeuka bluu. Ndani ya saa moja mtu anaona rangi zikitembea, muda unasimama, hofu inampanda. Hukaa hivyo saa 4 hadi 6. Wengi huambiwa wamepandwa na majini. Mweke mahali tulivu, asiachwe peke yake karibu na barabara, kisima au moto. Anayejirusha, anayepata degedege, au mtoto, apelekwe hospitali. Vijana wanaoutafuta makusudi wajue kwamba silosibini imo kwenye orodha ya kwanza, yenye udhibiti mkali zaidi, ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili, na kwamba uyoga mdogo wa kahawia wenye amatoksini hausomi mkataba.

Mgonjwa akitokea, wote waliokula waende hospitali, hata wasioumwa. Usimtapishe kwa nguvu, usimpe maziwa wala mafuta. Akiwa na fahamu, anywe kidogo kidogo maji lita moja yenye vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Mwambie daktari saa ya mlo, na mgonjwa asiruhusiwe kutoka kabla ini halijapimwa kwa siku kadhaa mfululizo. Beba mabaki ya mboga na maganda yaliyotupwa jalalani, uyafunge kwenye karatasi. Ndani ya mfuko wa nailoni uyoga huoza kabla hamjafika hospitali ya Ndanda, na hakuna atakayeweza kuutambua.