Je, wajua kwa nini barabara ya vumbi hugeuka bati, na baiskeli ipite wapi?

Ukiacha lami pale Mtama, mkoani Lindi kusini mwa Tanzania, ukashika njia ya Kitangari kuelekea Newala, au ukichepuka Nyangao kuingia vijiji vya bonde la Lukuledi, kabla hujaenda mbali usukani unaanza kutetemeka mikononi. Barabara imejaa migongo midogo iliyoikata kwa upana, mmoja baada ya mwingine. Kimo chake ni vidole viwili au vitatu, na kutoka mgongo hadi mgongo ni nusu mita au zaidi kidogo. Utadhani bati la nyumba limelazwa chini. Wengi hulaumu malori ya korosho, wengine humlaumu mkandarasi. Malori yana mchango wao, lakini chanzo chenyewe ni mwendo. Gurudumu lolote linalokimbia juu ya kifusi kikavu kilicholegea hujenga migongo hiyo, liwe la lori, la Noah au la bodaboda.

Inakuwa hivi. Hata barabara iliyotoka kuchongwa jana haikosi kokoto lililochomoza. Gurudumu likiligonga, linaruka kidogo, kisha linatua kwa nguvu. Pale linapotua linachimba na kuisukuma changarawe mbele, panabaki kishimo na mbele yake kilima. Gari linalofuata linakuta kilima kile, nalo linaruka na kutua karibu palepale, kwa kuwa magari ya njia moja hukimbia kwa mwendo unaokaribiana. Kilima cha kwanza kinazaa cha pili, cha pili kinazaa cha tatu, mpaka kona nzima imeenea.

Mwaka 2007 wanafizikia Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine walichapisha majaribio waliyofanya kwa gurudumu linalozunguka juu ya mchanga uliotandazwa kwa duara. Mwendo ulipokuwa mdogo, mchanga ulibaki tambarare. Ulipovuka kiwango fulani, migongo ikajitokeza vipande vipande, ikaenea duara zima, kisha ikawa inahama polepole kufuata upande gurudumu linakokwenda. Hesabu zao za kompyuta zilionyesha pia kwamba migongo hutokea hata bila udongo kushindiliwa kwa kupishana, na hata bila kokoto kubwa kujitenga na ndogo. Kwa hiyo kauli ya kijiweni kwamba barabara "haikushindiliwa" haitoshi kueleza jambo lote. Kuzuia migongo kwa mwendo peke yake kungetaka magari yatambae, na hakuna dereva wa daladala wa Masasi atakayekubali.

Ndiyo maana pia greda likipita juu juu halisaidii. Likikata vichwa vya migongo na kujaza mabonde yake kwa kifusi kikavu, sehemu laini na sehemu ngumu zinabaki zimepishana chini, na bati linarudi upesi. Kazi nzuri ni kisu kushuka chini ya kina cha mabonde, kifusi kichanganywe, kimwagiwe maji, kishindiliwe kingali na unyevu. Kifusi chenyewe kiwe na udongo wa mfinyanzi kiasi, maana huo ndio unaozishika kokoto pamoja.

Dereva wa gari ana ujanja wake: anaongeza mwendo. Kwa kilomita 60 kwa saa juu ya migongo iliyoachana sentimita 60, gurudumu linagongwa kama mara 28 kwa sekunde. Halipati nafasi ya kushuka bondeni, linapita juu ya vichwa tu. Abiria anaona kumetulia, ingawa tairi linagusa ardhi kwa shida na breki zimepungua nguvu. Baiskeli haina ujanja huo. Kwa kilomita 15 kwa saa unagongwa karibu mara 7 kwa sekunde, na kila mgongo unaupanda na kuushuka wote. Ukikazana ufike 20 au 25 unajichosha bure, unazidi kugongwa na bado huelei. Kwenye bati, punguza mwendo na utafute pa kupita.

Pa kupita panajulikana ukishaelewa kinachojenga migongo. Bati hukolea pale magari yanapokanyaga breki au kuvuta moto: kabla ya kona, mwanzo wa mlima, pande zote mbili za daraja, na kabla ya tuta la kijijini. Katikati ya sehemu ndefu iliyonyooka hupungua. Chini ya miembe na mikorosho iliyofunika barabara, ambako unyevu wa usiku unakawia kukauka, mara nyingi pamebaki pagumu na laini. Ukingoni kabisa, karibu na majani, kuna kijia chembamba cha bodaboda na watembea kwa miguu. Hicho ndicho chako, kwa tahadhari mbili. Ya kwanza ni mbigili, ambazo hukaa hukohuko. Ya pili ni mifereji ya kutoa maji, ambayo hukata ukingo ghafla na kufichwa na majani. Gurudumu la mbele likitumbukia humo unaruka juu ya usukani. Mahali usipoona ardhi mita tatu mbele, rudi barabarani ugongwe.

Upepo wa tairi unabadilisha mambo kuliko kitu kingine chochote utakachogusa. Tairi lililojaa kama jiwe hurusha kila mgongo moja kwa moja mgongoni mwako. Mtu wa kilo 70 mwenye tairi la upana wa milimita 45 aanze na psi 35 (psi ni kipimo cha nguvu ya upepo) nyuma na 30 mbele. Kwa baiskeli ya Phoenix yenye tairi za inchi 28, ambazo ni nyembamba kidogo, psi 45 nyuma ni kiasi cha kutosha kama hakuna mzigo. Ukifunga gunia kwenye karia, ongeza. Huna kipimo? Kaa juu ya baiskeli mwenzako atazame tairi la nyuma: linatakiwa lifutuke kidogo ubavuni, lisilale. Likilala, ukigonga jiwe tyubu inabanwa kati ya tairi na rimu, na unapata matobo mawili yaliyokaa sambamba. Ukikuta tobo moja, tafuta mwiba ndani ya tairi kwa kupapasa taratibu kabla ya kurudisha tyubu. Ukiona mawili, usihangaike na mwiba; ziba, kisha jaza upepo zaidi ya ulivyokuwa. Kiraka kinachobanduka njiani kwa kawaida kimebandikwa sulusheni ingali mbichi. Kwaruza tyubu, paka nyembamba, ngoja dakika tatu hadi tano ikauke isishike kidole, ndipo ubandike na kukandamiza.

Mtetemo hulegeza nati. Asubuhi kabla ya safari, na tena kila mnapopumzika, shika karia uitikise, shika kiti ukizungushe, gusa madigadi. Spoki zibane mbilimbili kwa vidole ukizunguka gurudumu, iliyolegea utaisikia. Ukiiacha, jirani zake hubeba mzigo wake, zinaanza kukatika, na rimu inapinda. Unapoendesha kwenye bati nyanyuka kidogo kitini, kunja viwiko, shika usukani bila kuuminya.

Bati huisha ukifika juu ya uwanda wa Wamakonde, lakini shida haiishi. Udongo wa huku ni mchanga mtupu, kifusi hakina cha kukishika, na barabara za pembeni Tandahimba na Newala hugeuka mchanga wa kuzama. Hapo punguza upepo mpaka psi 20 au 25, gia nyepesi, uzito nyuma, kanyaga bila kukatisha, usikate kona ghafla. Na usisahau kujaza tena ukirudi kwenye changarawe, maana hapo ndipo tyubu hubanwa. Mwenye Phoenix isiyo na gia ashuke asukume, hakuna aibu. Mchanga huohuo hunywa mvua yote, kwa hiyo juu hakuna mito. Beba lita nne au tano kabla ya kuanza kupanda.

Bondeni ni kinyume chake. Udongo wa mfinyanzi wa mashamba ya Lukuledi ukilowa unanasa tairini na kujaa chini ya madigadi mpaka gurudumu linagoma. Ukilazimisha, unakata cheni. Chokoa kwa kijiti, beba baiskeli, tembea juu ya majani. Baada ya saa chache za jua njia hukauka.

Msimu basi unajichagua wenyewe. Mvua za kusini huanza Novemba au Desemba na kwisha kama Mei. Juni na Julai ardhi bado imeshikana na hewa ni ya baridi. Kuanzia Septemba kila kitu kimekauka, Oktoba minada ya korosho inaanza na malori yanaongezeka, na bati linakuwa katika ubaya wake wote.

Bonde la Lukuledi lilikuwa njia kabla ya baiskeli, kwa sababu ya maji na mwinuko wake wa taratibu. Reli ya Jimbo la Kusini, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza kule Nachingwea, ilifuata bonde hili kwa kuwa treni haiwezi kuparamia uwanda. Mradi ulikufa mwaka 1951, na reli ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Popote tuta lake lilipobaki na kupitika, mpanda baiskeli hupata mwinuko mwepesi kuliko barabara ya jirani. Mahiwa, karibu na Nyangao, Wajerumani na Waingereza walipigana kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917, wakigombea njia hiihii. Kaskazini zaidi, upande wa Mbwemkuru, ni kilima cha Tendaguru. Mifupa ya dinosaria iliyochimbwa huko kati ya 1909 na 1913 ilibebwa na wapagazi kwa miguu hadi Lindi, kisha ikapelekwa Berlin kwa meli. Njia za huko ni za kuuliza kijiji kwa kijiji. Zikimpitisha mtu wa bodaboda aliyepakia mkaa, wewe pia utapita.

Ukimaliza Newala na kusimama ukingoni pa Shimo la Mungu, bonde la Ruvuma liko chini yako na ng'ambo ni Msumbiji. Kabla ya kushuka huko kagua breki kuliko ulivyokagua kitu chochote asubuhi. Raba za Phoenix hubana rimu ya chuma, na chuma kikilowa raba huteleza. Kwenye mteremko mrefu bana na kuachia kwa zamu, nyuma kwanza, ukianza mapema kabla baiskeli haijashika kasi. Bati la chini ya mlima linakungoja palepale ambapo kila gari lililotangulia limekanyaga breki.