Dubu kwenye cheni sio ubabe tu

Mimi ni sonara na kazi yangu kubwa ni vidani na pete za wanyama. Sasa kuna kauli moja nimeisikia mpaka imenichosha, eti dubu ni alama ya nguvu na hasira, kwa hiyo ni ya wanaume, mwanamke mtafutie kipepeo. Mama kashika kidani cha dubu na mtoto wake, kakipenda kabisa, kijana wake anamwambia weka hiyo mama, ya kiume hiyo. Jamani hapana!

Hebu angalia dubu mwenyewe anavyoishi. Jike la dubu wa kahawia likishaingia pangoni linakaa miezi halili wala halinywi, na humo humo katikati ya baridi linazaa, vitoto vinazaliwa havioni, kila kimoja kama nusu kilo hivi na mama yake anapita kilo mia, anavinyonyesha kwa mafuta aliyojiwekea mwilini mpaka baridi iishe ndo wanatoka wote. Hapo ubabe uko wapi?

Na watu wa zamani walimpa maana pana kuliko sisi. Kule Brauron karibu na Athens wasichana wadogo waliomtumikia mungu wa kike Artemis waliitwa dubu, wasichana, sio wapiganaji. Wazuni, wenyeji asilia wa New Mexico kule Marekani, wanachonga dubu wa mawe, kwao ndo mlinzi wa upande wa magharibi na anahusishwa na uponyaji. Ule mshale wanaouchora kwenye dubu hao, unaotoka mdomoni kuelekea moyoni, watu wananiambia dubu kapigwa na mwindaji, sio kabisa, ile ni njia ya pumzi. Wahaida, wenyeji asilia wa pwani ya Pasifiki kule Kanada na Alaska, nao dubu ni nembo ya ukoo, unairithi, na bangili za fedha alizochonga Charles Edenshaw, fundi wao maarufu aliyefariki 1920, zina nembo za namna hiyo. Kwa hiyo ukiniuliza dubu maana yake nini nitakuuliza dubu wa nani. Nakutengenezea dubu vizuri tu, ila sitakwambia ni kazi ya Wazuni wakati nimechonga mimi, na Marekani kuna sheria ya 1990 inayokataza kuuza kitu kwa kudanganya kuwa ni kazi ya wenyeji asilia.

Ushauri wangu, chagua mkao kabla ya maana. Dubu kasimama kaachama anasema kitu kimoja, aliyejikunja kalala anasema kingine, na mama mwenye mtoto hahitaji maelezo.

Mengine haraka haraka. Unyayo wowote sio wa dubu, mtu ananiletea picha ina vidole vinne, huo ni wa mbwa au paka, dubu ana vitano na alama za kucha zinakaa mbele mbali na vidole. Nimeshakataa kuchonga vya vinne vikaitwa dubu na nitaendelea kukataa.

Eti kucha halisi ndo yenye nguvu. Dubu wa aina zote 8 wako chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kuvusha kucha mpakani bila kibali ni kujitafutia kesi, na nyingi zinazoitwa halisi ni resini tu, yaani kama plastiki iliyomiminwa, geuza pembeni uone mstari wa kalibu. Chukua ya fedha, inapendeza na hakuna mnyama aliyeuawa.

Halafu kuna hii nyingine, eti fedha ikiwa nyeusi ni feki. Fedha ya 925 ni asilimia 92.5 fedha, iliyobaki mara nyingi shaba, ikikutana na salfa hewani au kwenye jasho inakuwa nyeusi, ndo tabia yake. Na kwenye dubu ule weusi ndani ya manyoya tunauweka wenyewe makusudi, bila huo mistari haionekani. Sasa mtu anachukua dawa ya meno anasugua mpaka dubu anabaki kama kokoto, tena dawa ya meno inakwaruza. Tumia kitambaa laini, futa sehemu zilizoinuka tu, mifereji ya manyoya iache kama ilivyo.