"Kiti ni kiti tu": yanayoaminika kuhusu ruzuku za vifaa maalumu

"Kiti ni kiti tu. Mradi kina magurudumu, ashukuru."

Kati ya dhana kuhusu ruzuku ambazo mashirika ya hisani hutoa kwa vifaa vya watu wenye ulemavu, hii imeota mizizi kuliko nyingine zote, na ndiyo inayoumiza zaidi. Hata baadhi ya wafadhili wanaiamini: vinanunuliwa viti mia vya saizi moja, picha zinapigwa siku ya makabidhiano, shughuli inaishia hapo. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo akikalishwa kwenye kiti cha mtu mzima huegemea upande mmoja, mgongo unazidi kupinda, na kumeza chakula kunakuwa kazi. Aliyeumia uti wa mgongo, asiyehisi kitu kuanzia kiunoni kwenda chini, akikalia kitambaa kitupu bila mto wa kupunguza mgandamizo, huota kidonda asijue. Kidonda hicho kikichimbika na kuingia vijidudu, kinaweza kuua. Kwa hiyo kiti kibaya si nusu ya msaada. Wakati mwingine ni afadhali kisingetolewa.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 kuhusu viti vya magurudumu vya kusukuma kwa mkono unataja hatua nane za huduma: rufaa, tathmini, uchaguzi wa kiti, fedha na kuagiza, kuandaa kiti, kumjaribishia mtumiaji kiti na kukirekebisha kimkae, kumfundisha kukitumia, kisha matengenezo na ufuatiliaji. Fedha ni hatua ya nne. Wengi wetu tunaanzia hapo, halafu tunashangaa maombi yanaporudishwa.

"Barua ikitoa machozi, fedha zitatoka."

Sidhani. Anayesoma maombi ya ruzuku husoma mengi ya kuliza, na machozi hayamwambii alipie nini. Sentensi kama "maisha yake ni mateso" haina uzito wa hii: "Kiti cha kawaida kina upana wa sentimita 45, nyonga zake ni sentimita 28, na hawezi kushikilia kichwa mwenyewe. Akiwa na kiti chenye vishikizo vya kifua na kichwa ataweza kula mezani na kukaa darasani." Ya pili inaonyesha kwa nini cha dukani hakifai na fedha zitabadilisha nini. Vipimo hivyo vitoke kwa mtaalamu wa fiziotherapia au wa tiba ya kazi (anayemsaidia mtu kumudu shughuli za kila siku), na aviandike yeye. Mashirika mengi huomba ripoti hiyo pamoja na makadirio ya bei kutoka kwa mtengenezaji.

"Nitapewa fedha mkononi."

Mara nyingi, hapana. Mfadhili humlipa mtengenezaji moja kwa moja kwa ankara. Jambo linalofanana na hili limewagharimu watu wengi: kununua kwanza kwa mkopo ukitumaini kurudishiwa. Mashirika mengi hayalipii kilichokwisha kununuliwa. Subiri barua ya kukubaliwa. Kiasi kikiwa kidogo kuliko bei, uliza kama unaweza kuunganisha ruzuku mbili. Wapo wanaotoa sehemu tu, wakitegemea sehemu nyingine itoke kwingine.

"Kifaa cha kutengenezewa ni cha matajiri."

Baadhi ni ghali kweli, hasa vya umeme. Lakini cha kutengenezewa maana yake ni kilichopimwa kwa mwili na kazi ya mtu mmoja, hata kama ni kipande cha mbao na mkanda. Uingereza kuna shirika liitwalo Remap, lililoanza mwaka 1964, ambalo wahandisi na mafundi wake wa kujitolea huwabunia watu wenye ulemavu vifaa visivyopatikana dukani, bila malipo. Mshikio wa kijiko ulionenepeshwa kwa kiganja kisichofumba vizuri unaweza kumrudishia mtu uhuru wa kula bila kulishwa.

"Ni sadaka, basi usichague."

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unazitaka nchi katika ibara ya 20 kurahisisha upatikanaji wa vifaa bora vya kujongea kwa gharama wanayoimudu. Mashirika ya hisani yanaziba pengo, na pengo lenyewe ni kubwa: ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2022 inasema zaidi ya watu bilioni 2.5 wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, na karibu bilioni moja hawakipati. Kusema kiti kinabana si utovu wa shukrani. Fundi anahitaji kuambiwa.

"Kikishafika, mambo yamekwisha."

Tairi litapasuka, betri itachoka, mto utabonyea. Mtoto naye anakua, na kiti kilichomkaa vizuri leo kitambana baadaye. Kabla ya kutuma maombi, muulize mtengenezaji mambo matatu: je, kiti kinaweza kupanuliwa mtoto akikua? Vipuri vinapatikana karibu? Nani atakirekebisha? Kisha ingiza gharama hizo kwenye maombi yaleyale, maana kumpata wa kulipia matengenezo peke yake ni vigumu kuliko kumpata wa kulipia kiti kipya.